Kompyuta Tisa Zilizoandikwa Chakavu

Mgeni rasmi, Mama Gertrude Mbunda, Mkaguzi wa Vituo vya Elimu ya Watu Wazima. Mwenyekiti wa Kijiji cha Lihutu. Wazee wetu, shikamooni. Wanakijiji wenzetu mlioingia ukumbini, na ninyi mnaochungulia dirishani mkidhani hamwonekani, hamjambo.

Tunaanza kwa kuomba radhi. Desturi ya risala ni kwamba anayeisoma ndiye aliyeiandika, au walau ameipitia. Leo sivyo. Risala hii tumeiandika sisi wanafunzi kumi na tisa, tukaitia kwenye bahasha, tukaifunga kwa gundi, na tumemkabidhi mwalimu wetu, Mama Walburga Komba, alipokuwa akisimama kuja hapa mbele. Hajaona hata neno moja. Mwalimu, tunajua umeshakunja uso. Endelea kusoma, na usiruke mahali, maana nakala ya pili anayo mwenzetu Flavia aliyeketi mstari wa mbele, naye anaifuatilia kwa kidole.

KARIBU LIHUTU

Mgeni rasmi, tunakukaribisha ziwani kwa moyo mkunjufu. Umeshuka kona nyingi, na tumeona jinsi ulivyotoka kwenye gari ukishika kiuno. Usipa ulioula ni wa mwenzetu Jastini, ameuvua leo alfajiri. Ugali wa muhogo ni wa Flavia. Kama samaki walizidi chumvi, hilo tulizungumze baadaye, sisi kwa sisi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tumeketi hapa tukingoja kupona. Barua iliyotangulia ujio wako ilisema unakuja kuthibitisha vifaa chakavu na kuviondoa, na gari lenye nafasi ya kuvipakia limeegeshwa pale nje. Tunaelewa maana yake. Ukitia sahihi mbele ya neno hilo, kompyuta zetu zinapanda mlima, na kituo kisicho na vifaa kinafutwa katika orodha. Kwa hiyo tunaomba utusikilize hadi mwisho kabla hujafungua kalamu.

TULIKOTOKA

Kituo chetu kilianza miaka sita iliyopita kwa ubao mmoja na watu wanne waliotaka kujua kusoma barua zao wenyewe bila kumwita jirani. Mwalimu alikuwa Mama Walburga. Yeye ni Mmatengo wa Kitura, aliyeolewa huku ziwani na marehemu mzee Kilian, mvuvi. Watani wake Wanyasa husema alishuka mlimani kufuata samaki, akampata mvuvi juu yake. Mzee Kilian alipofariki, ndugu zake wa Kitura walikuja kumchukua arudi nyumbani. Aliwapikia, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi darasani. Sisi tulifurahi sana.

Miaka mitatu iliyopita marafiki wa parokia walituletea kompyuta mpakato kumi na moja, zile ndogo zinazokaa vizuri mapajani. Zilikuwa zimetumika, lakini zilikuwa safi. Mama Walburga alitia sahihi ya kuzipokea, na tangu siku hiyo akazibeba rohoni. Kila jioni alizihesabu kabla ya kufunga mlango, kama mtu anayehesabu kuku.

Kisha zikaanza kuchoka. Ukiwasha asubuhi, unaweza kusonga ugali, ukala, ukaosha sufuria, ndipo zifunguke. Fundi aliyekuja kuzikagua mwaka jana alikuwa mtu mwema na mkweli, hatumlaumu hata kidogo. Alitueleza kwamba mfumo uliomo ndani yake hauhudumiwi tena na waliouunda. Akajaribu kuweka mfumo mpya, na mashine zote kumi na moja zikajibu jibu moja: kompyuta hii haikidhi masharti. Diski zake ni ndogo, kumbukumbu yake ni ndogo, na umri wake ni mkubwa. Fundi akafungua kitabu cha mali cha kituo, na katika safu ya hali ya kifaa akaandika mara kumi na moja neno lile: chakavu.

Mama Walburga alituambia baadaye kwamba alilitazama lile neno mpaka herufi zikamchezacheza machoni. Alilijua kwa nguo na kwa mikeka. Hakulijua kwa kitu kinachowaka taa.

JINSI TULIVYOWEKA MFUMO

Mgeni rasmi, sehemu hii ni ndefu kidogo, na ndiyo anayoiogopa msomaji wetu. Mwalimu, tunakuomba radhi mapema.

Kule Kigonsera yupo Bruda Florian, mtu wa misheni anayependa kufungua vitu vilivyofungwa. Mama Walburga alipanda gari akaenda kumwona akiwa na kompyuta moja ndani ya kikapu, imefunikwa majani ya mgomba dhidi ya vumbi. Bruda akamwambia kwamba ipo mifumo huria, inayotolewa bure, mingine imetengenezwa myepesi kwa ajili ya mashine kuukuu, wala haiulizi umri. Akampa flashi yenye mfumo huo na maelekezo ya kurasa nne kwa mwandiko wake. Akamwambia, "Mama, chochote mashine itakachokuandikia, soma kwanza, ndipo ubonyeze." Hapo ndipo kikundi chetu kilipopata jina, kwa sababu alirudi na maneno mawili, soma kwanza, akayaandika juu ya ubao, na hayajafutwa hadi leo.

Flashi ilipochomekwa, kompyuta haikuiona. Tukaichomeka upande wa pili, haikuiona. Huku kwetu mtandao wa simu unapatikana juu ya kilima tu, kwa hiyo Mama Walburga alipanda kumuuliza Bruda, akaandika jibu kwenye kiganja, akashuka, akajaribu, ikashindikana, akapanda tena. Kwa siku mbili alipanda mara sita. Mwishowe tatizo likajulikana. Ndani ya mashine hizi mna programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo wenyewe. Yetu ni ya aina ya zamani, na ile flashi ilikuwa inazungumza na aina mpya tu. Nyumba ni kubwa, ila mlango ni wa kuinama. Bruda akaeleza faili gani liongezwe kwenye flashi ili ijue kuinama. Likaongezwa, na maandishi meupe yakashuka kwenye kioo. Flavia akapiga kigelegele, akaambiwa anyamaze kwa kuwa kazi ilikuwa haijaanza.

Mashine ikasema kwamba data zote zitapotea, kisha ikauliza kama tuna hakika. Mama Walburga aliweka kidole juu ya kitufe akakaa nacho pale muda wa kutosha kusali fungu zima la rozari, na tunadhani ndicho alichokuwa akifanya. Sahihi ya kuzipokea ilikuwa yake. Zikifa, zimefia mkononi mwake. Akabonyeza.

Ndipo mashine ikamuuliza: itumie diski yote, au agawe mwenyewe? Mgeni rasmi, wewe unatoka juu, utamwelewa. Kwa faida ya Wanyasa waliomo humu: Mmatengo hulima kwenye mteremko ambao mbuzi huupita kwa tahadhari. Hukata nyasi, huzilaza zikapishana hadi zitoe miraba, kisha huzifunika kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Hiyo ndiyo ngoro. Mvua ikija, maji hutulia ndani ya mashimo, na udongo haukimbilii bondeni. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimuuliza kama shamba lote liwe kipande kimoja, anakuona mpumbavu au mvivu.

Mama Walburga akachagua kugawa mwenyewe. Akachukua rula na karatasi, akaigawa ile diski ndogo vipande kumi na viwili vilivyolingana. Akatuambia, "Hapa mfumo, hapa barua, hapa picha, hapa akiba. Kitu kikimwagika hapa, kule hakifiki." Tukaona ni akili kubwa. Jastini peke yake aliuliza kama mfumo utaenea ndani ya kishimo kile, akajibiwa kwamba mahindi huenea.

Mfumo ukaingia katika kipande cha kwanza, ukajaa hadi shingoni, ukagoma: nafasi haitoshi. Mama akasema mashine hiyo ndiyo mbovu, akahamia ya pili. Ikagoma. Ya tatu ikagoma. Ya nne ilipogoma alifunga darasa mapema, na tulimwona akienda kuketi ufukweni peke yake, jambo ambalo si kawaida yake, kwa maana huwa anasema mchanga unaingia kwenye nguo. Siku hiyo alituambia kwamba huenda ameziua nne kabla ya wakati wake. Tulimhurumia.

Kesho yake akapanda kilimani. Bruda alipoelezwa ile miraba alicheka hadi mtandao ukakatika. Alipopatikana tena akasema, "Mama, diski haina mteremko." Maneno manne. Mama alishuka kilima akiyarudia, akaifuta miraba yote, akaiachia mashine diski nzima. Baada ya saa moja mfumo ulikuwa umeingia, na nafasi ikabaki.

Ukasimama, ila kwa ubavu. Yaani picha ilitokea imelala, kushoto kukawa juu. Kwa wiki nzima tulisoma tukiwa tumezisimamisha kompyuta kama vitabu vilivyofunguliwa, na wengine shingo zilipinda. Jastini akasema, "Mwalimu, hii imelewa, tuiache ilale kwanza." Mama Walburga akamjibu bila kugeuka, "Hailewi. Hali hiyo unaijua wewe." Hatimaye tukagundua kwamba ukurasa wa nne wa Bruda una mstari mmoja wa kuandika, tukauandika, picha ikasimama wima. Shingo ya Jastini ilichukua siku mbili zaidi.

TULIYOYAFANYA NAZO

Kati ya kompyuta kumi na moja, tisa zinafanya kazi. Mbili zilikataa kabisa, tukazitoa betri na vitufe vya kuwasaidia wenzao, na zimo kabatini, hatujazificha.

Kwa hizo tisa, tumechapa mihtasari ya mikutano ya kijiji tangu mwezi wa tatu, na mtendaji hajarudisha hata mmoja kwa makosa. Tunachapa mitihani ya majaribio ya shule mbili. Kwaya ilikuwa na nyimbo tisini na mbili za Kinyasa na Kimpoto katika daftari lililokwisha kuonjwa na mchwa. Sasa zimo ndani ya kompyuta, na mchwa hawana flashi. Flavia, ambaye alianza kituo hiki akitia dole gumba, ameandika tangazo la chakula chake mwenyewe, na ametumia rangi nne, tatu zaidi ya alizoshauriwa. Jastini amemwandikia binti yake aliye Songea barua ya ukurasa mzima. Binti alipiga simu kuuliza ni nani aliyemwandikia. Jastini alipomwambia ni yeye, kilichofuata ni kilio, na hadi sasa haelezi vizuri ni nani kati yao aliyelia.

Na watu wanne kutoka upande wa Liparamba walikuja kuuliza tulifanyaje. Mama Walburga amewanakilia zile kurasa nne za Bruda, akaongeza ya tano kwa mkono wake. Kichwa chake kinasema: Usigawe.

Tumefurahi, mgeni rasmi. Tunalisema waziwazi kwa sababu risala nyingi hulia tangu mwanzo hadi mwisho, na mgeni huondoka akidhani watu hawa hawajawahi kucheka. Sisi tunacheka sana hapa.

YANAYOTUSUMBUA

Hata hivyo hatutakuficha. Kompyuta zetu ni bubu. Sauti haijatoka hata moja, na Bruda amesema tusiitarajie. Kamera hazioni. Mashine namba tatu lazima iwashwe mara mbili, ya kwanza huwa inatania. Baadhi ya maneno ya mfumo yametafsiriwa kwa Kiswahili ambacho hata Mwenyekiti hakukielewa, naye amesoma hadi kidato cha nne. Umeme ukikatika, betri zinatupa nusu saa tu.

Shida kubwa ni ile iliyomo kwenye kitabu cha mali. Safu ya hali ya kifaa ina majibu mawili: nzima au chakavu. Tukisema ni nzima, tutakuwa tumekudanganya baada ya kukulisha samaki. Tukisema ni chakavu, tutakuwa tumezisingizia. Hakuna mahali pa kuandika kitu ambacho kina kasoro na kinafanya kazi yake kila siku. Tukijitazama humu ukumbini, mgeni rasmi, tunaona wengi wetu tungekosa safu.

TUNAYOYAOMBA

Ombi la kwanza ni neno. Pembeni mwa ule ukurasa pana nafasi. Tulichungulia ulipokuwa unanawa mikono. Tunakuomba ukate lile la zamani mara tisa, na uandike kwa mkono wako: inatumika. Kabla ya kuandika, chagua yoyote uiwashe mwenyewe. Ukichagua namba tatu, uwe na subira.

Ombi la pili ni betri moja ya sola ili nusu saa iwe nusu siku. Hilo likichelewa hatutanuna.

Ombi la tatu halielekezwi kwako, ila tunaliomba mbele yako ili uwe shahidi. Msomaji, hapa ndipo tulipoogopa utaruka.

Jumanne iliyopita mwenzetu Winnie alikuwa akitafuta rasimu ya risala hii katika kompyuta namba sita. Akakuta faili linaloitwa Kung'atuka. Akalifungua akidhani ni zoezi la msamiati. Ilikuwa barua ya kwenda kwako, mgeni rasmi, yenye tarehe ya leo. Alisoma sentensi moja, akatuita, nasi tukasoma hiyo hiyo moja, tukafunga. Inasema: "Kwa kuwa vifaa nilivyokabidhiwa vimeonekana kuwa chakavu, nami niliyevisimamia nimetimiza miaka sitini na mitatu, naomba niandikwe katika safu hiyo hiyo."

Pumua, Mwalimu. Flavia atakungoja.

Tumeumia. Tulikuwa tukikusikia ukiimba unapofagia darasa, tukadhani huna neno moyoni. Siku zile ulipopanda kilima mara sita tulidhani unatafuta dawa ya mashine, kumbe neno lile la kitabuni ulilisoma kama jina lako. Ungetuambia. Ulitufundisha kusoma, halafu ukatuandikia jambo kama hilo na kutuficha. Tunakusema mbele ya mgeni kwa kuwa tukikusema faraghani utatupikia, ututoe hadi barabarani, na kurudi zako ndani.

Jastini alitaka kulifuta faili lile pale pale. Kidole chake kilishafika kwenye kitufe. Lakini wewe ulitufundisha kwamba faili la mtu halifutwi na mwingine, hata likiwa baya, hata kama unampenda mwenye faili. Kwa hiyo lipo, hatujaligusa. Kompyuta namba sita iko juu ya meza iliyo mkono wako wa kulia, imeshawashwa, na faili liko wazi kwenye orodha. Tunakuomba ulifute wewe mwenyewe, sasa hivi, mgeni rasmi akiona. Mashine itakuuliza kama una hakika. Tutakaa kimya mpaka uijibu.

Mgeni rasmi, Mungu akupandishe salama kona zote ulizozishuka, awape afya walioko nyumbani kwako, na aubariki mkono wako katika kila unaloliandika leo. Nawe msomaji wetu, Mungu akutunze, akuache hapa.

Ni sisi, wanafunzi kumi na tisa, ambao hakuna hata mmoja aliyehitimu,
Kikundi cha Soma Kwanza,
Lihutu.